Kila Chenga na Chanzo Chake

Watu wa rika langu tulijifunza kutengeneza picha kwa kuzungusha antena. Mmoja anapanda juu ya bati, mwingine anakaa mbele ya televisheni, wa tatu anasimama dirishani kupeleka habari: "Bado! Rudisha kidogo! Hapo hapo, usiguse!" Utaratibu huo ulifaa kwa sababu mawimbi ya analojia hayakuwa na siri. Ukikaribia uelekeo sahihi chenga zinapungua, ukiupita zinarudi. Dar es Salaam ilizima mitambo ya analojia usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, miji mingine ikafuata, lakini mazoea ya kuzungusha hayakuzimwa. Nimeyaona miaka yote niliyokaa kwenye kibanda changu cha kuhariri na kunakili video za harusi hapa Tanga. Video ikisumbua kwenye kompyuta, mtu hubonyeza kila kinachobonyezeka, akabadili kila kinachobadilika, akitumaini kwamba mahali fulani picha itatulia.

Kwenye Linux mazoea hayo yana hatari zaidi, maana huko karibu kila kitu kinakubali kubadilishwa. Mtu ana uhuru wa kubadili dreva ya chipu ya picha, programu ya kuchezea video, mfumo wa sauti, hata namna madirisha yanavyochorwa kwenye kioo. Akibadili vitano kwa mpigo na video ikatulia, hajui kilichoituliza. Isipotulia, tatizo la mwanzo limeshachanganyika na mengine aliyoyaleta mwenyewe. Miaka ya kibandani imenifundisha kwamba kasoro za video hazifanani, na kwamba namna kasoro inavyoonekana machoni inakwambia imetoka hatua gani. Anayeitazama vizuri kabla ya kugusa chochote ameshamaliza nusu ya kazi.

Linux yenyewe iliingia kibandani kwa sababu ya flashi. Wateja walileta flashi zilizojaa virusi, vile vinavyoficha mafaili na kuacha njia za mkato mahali pake, na kila jioni nilikuwa nasafisha mashine badala ya kuhariri. Kijana mmoja wa chuo aliyekuwa akija kuchapisha kazi zake akaniwekea Ubuntu, moja ya matoleo ya Linux, kwenye kompyuta ya zamani, akaniambia virusi vile vimeandikwa kwa ajili ya Windows, kwenye Linux havina pa kukanyaga. Alisema kweli. Pole pole nikahamishia kazi zote huko: kuhariri kwa Kdenlive, kubadili mafaili kwa FFmpeg, kutazama kwa VLC na mpv. Wateja walipoona mashine zangu hazisumbuliwi na virusi, wakataka na zao ziwe hivyo. Hapo ndipo malalamiko yalipoanza, karibu yote kwa kauli moja: "Fundi, video inakwama."

Nikawa namuuliza kila mmoja: inakwamaje? Mmoja anasema sura za watu zinageuka kijani na kuyeyuka. Mwingine anasema picha ni safi ila inaruka ruka, na feni inapiga kelele. Wa tatu anaona mstari unaokata kioo katikati kila kamera inapozunguka ukumbi. Wa nne anaona midomo inatangulia maneno. Hizo ni shida nne tofauti, na dawa ya moja haiigusi nyingine.

Sababu ni kwamba video hupita hatua kadhaa kabla ya kufika machoni. Kwanza programu husoma faili kutoka kwenye diski au flashi na kutenganisha picha na sauti zilizofungwa pamoja humo, iwe ni MP4 au MKV. Pili, kodeki hufumbua picha zilizobanwa na kuzirudisha kuwa fremu kamili. Tatu, fremu hizo huchorwa kwenye kioo. Nne, saa ya ndani huamua kila fremu itoke lini ili iende sambamba na sauti. Kila hatua ina makosa yake na kila kosa lina sura yake.

Jambo la kufahamu mapema ni kwamba programu tunazozibadilishana zina undugu. FFmpeg ilianzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2000, na maktaba zake za kufumbua video zinatumiwa na VLC na mpv pia. VLC ilianza mwaka 1996 kama mradi wa wanafunzi wa École Centrale Paris, ikawa programu huria mwaka 2001. mpv ni mjukuu wa MPlayer, iliyoanzia Hungaria mwaka 2000. Kwa hiyo VLC ikionyesha madoa mahali fulani, na mpv ikaonyesha madoa yaleyale sekunde ileile, hakuna haja ya kutafuta programu ya tatu. Elekeza macho kwenye faili lenyewe, au kwenye kitu kilicho chini ya programu zote mbili.

Nianze na madoa. Mteja aliwahi kunijia na flashi ya send-off ya binti yake, iliyonakiliwa kwingine. Dakika za mwanzo zilikuwa safi. Mara mama mkwe akageuka vigae vya kijivu, vigae vikaanza kutembea pamoja na mikono yake, kisha ghafla picha ikasafika, na baada ya muda yakajirudia. Ukiielewa namna video inavyobanwa, mchoro huo unasomeka. Kodeki haihifadhi kila fremu nzima. Huhifadhi fremu kamili moja moja, na zinazofuata hueleza tu kilichobadilika. Data ikiharibika katikati, maelezo ya mabadiliko hubandikwa juu ya picha isiyo sahihi, na uchafu unasambaa fremu baada ya fremu hadi ifike fremu kamili nyingine. Ndiyo maana picha ilisafika ghafla. Doa linalozaliwa, likatambaa, kisha likafutika mara moja, tena mahali palepale kila unapocheza, kwa kawaida linatokana na faili lililoharibika.

Kwenye terminali kuna njia rahisi ya kuhakikisha. Unaiambia FFmpeg ifumbue faili lote bila kuandika chochote, itaje makosa tu:

ffmpeg -v error -i sendoff.mp4 -f null -

Ikinyamaza hadi mwisho, faili halina kosa ililoweza kulitambua. Ikimwaga mistari, faili lina majeraha. Ikisema haikupata kitu kinachoitwa "moov atom", basi huenda MP4 hiyo ilikatwa kabla haijakamilika, maana orodha ya yaliyomo huandikwa mara nyingi mwishoni mwa faili.

Flashi ile ilimwaga mistari, na nilipomuuliza mteja ilivyonakiliwa, akaeleza kwamba kijana aliyeinakili aliichomoa mara tu mstari wa kunakili ulipojaa. Watu wengi hawajui kwamba Linux hupokea data kwenye kumbukumbu ya muda kwanza, kisha huiandika kwenye flashi kwa mwendo wa flashi yenyewe. Dirisha linaweza kusema kazi imekwisha huku mamia ya megabaiti bado yako njiani. Tangu siku hiyo kibandani kwangu ni sheria: flashi haichomolewi mpaka kompyuta iseme ni salama, au amri ya "sync" imalize na kurudisha mstari wa kuandikia. Kwa kazi kubwa tunalinganisha pia kwa "sha256sum". Namba ya faili la asili na ya nakala zikifanana, nakala ni kamili.

Flashi ina mtego mwingine. Nyingi huja zikiwa na mfumo wa FAT32, ambao haukubali faili moja linalofika gigabaiti 4. Kanda za zamani za MiniDV, zikishaingizwa kwenye kompyuta bila kubanwa upya, hula gigabaiti 13 hivi kwa saa. Dakika 20 tu zinatosha kufika ukingoni. Mteja anaona video imeishia katikati ya keki na kudhani programu ndiyo imekwama. Dawa ni kuipanga flashi upya kwa exFAT, ambayo kiini cha Linux kina dreva yake kamili tangu toleo 5.7 la mwaka 2020.

Baada ya faili, hatua ya kufumbua ndiyo iliyonilisha zaidi, kwa sababu ya simu. Kamera za harusi tulizozizoea zilirekodi kwa H.264, kodeki iliyokamilishwa mwaka 2003. Kisha simu zikaanza kurekodi kwa HEVC, iliyokamilishwa mwaka 2013, inayobana zaidi na kudai kazi kubwa zaidi wakati wa kufumbua. Wapwa na mashangazi wakawa wanarekodi kwa simu, wananiletea niunganishe, kisha wanataka kutazama nyumbani kwenye laptopu zao za mtumba.

Laptopu moja ya mwaka 2011 nilifanya nayo jaribio ambalo hadi leo nalitumia kufundishia. Picha ilikuwa safi kabisa, bila doa, lakini wachezaji wa ngoma walisogea kwa kuruka, sauti ikienda vizuri, feni ikivuma. Nikafungua mpv na kubonyeza herufi "i". Takwimu zikatokea juu ya picha, na humo kuna hesabu ya fremu zilizoachwa, iliyogawanywa sehemu mbili: zilizoachwa wakati wa kufumbua na zilizoachwa wakati wa kuonyesha. Mgawanyo huo una thamani kubwa. Namba ya kwanza ikipanda, kompyuta haiwahi kufumbua. Namba ya pili ikipanda, mara nyingi kufumbua kunaendelea sawa na tatizo liko kwenye kuchora au kwenye saa. Wenye VLC wabonyeze Ctrl na J, watazame sehemu ya takwimu, wataona fremu zilizoonyeshwa na zilizopotea.

Mashine ile ilikuwa inaacha fremu wakati wa kufumbua. Chipu yake ya picha ilitengenezwa miaka miwili kabla HEVC haijakamilika, kwa hiyo haikuwa na namna ya kuijua, na kazi yote iliangukia kichakataji kikuu. Kwa upande wa Intel, kwa mfano, kufumbua HEVC ya kawaida kikamilifu ndani ya chipu kulianza na kizazi cha sita cha mwaka 2015, na ile ya biti 10 ikafuata kizazi cha saba. Amri ya "vainfo" huorodhesha kodeki ambazo chipu yako inazimudu kupitia VA-API, njia ambayo Linux hutumia kuikabidhi chipu ya picha kazi hiyo. HEVC isipoonekana kwenye orodha, na dreva iliyopo ni sahihi, hakuna kitufe kitakachoileta. Niligeuza video ile kuwa H.264 mara moja tu, na familia ikaitazama bila kuruka:

ffmpeg -i ngoma.mp4 -c:v libx264 -crf 20 -pix_fmt yuv420p -c:a copy ngoma-mpya.mp4

Upande wa pili wa somo hilo niliupata kwenye laptopu mpya zaidi. Video moja, programu mbili, matokeo mawili. VLC ilicheza laini, ila chini ya picha kulikuwa na utepe wa kijani unaopepesuka. mpv ilicheza bila utepe, ila ilijikwaa kidogo kidogo. Mwenye laptopu alishahitimisha kwamba VLC ni mbovu na mpv ni nzito. Kumbe zilikuwa zinasema jambo moja. VLC, tangu toleo 3.0 la mwaka 2018, huikabidhi chipu ya picha kazi ya kufumbua bila kuulizwa. mpv, kwa mipangilio yake ya asili, hufumbua kwa kichakataji kikuu mpaka uiamuru vingine. Utepe wa kijani ulitoka kwenye njia ya chipu na dreva yake, kujikwaa kulitoka kwenye uchovu wa kichakataji. Nilizima msaada wa chipu ndani ya VLC na utepe ukatoweka, kujikwaa kukaja. Nikabonyeza Ctrl na H ndani ya mpv ili chipu isaidie, na utepe ukajitokeza. Baada ya hapo hakukuwa na la kubishania: dreva ndiyo iliyohitaji kushughulikiwa, na ilipopata toleo jipya programu zote mbili zilitulia pamoja.

Wakati mwingine chipu inaweza na dreva inaweza, lakini sheria imeingia kati. Kodeki kama H.264 na HEVC zina hataza, na baadhi ya matoleo ya Linux hayapendi kuzibeba. Fedora iliondoa uwezo wa kuzifumbua kwa chipu kutoka kwenye vifurushi vyake vya Mesa, yaani dreva huria za picha, mwaka 2022, katika toleo la 37, na wanaouhitaji huupata kwenye hazina ya nje iitwayo RPM Fusion. Ubuntu nayo huweka kodeki za namna hiyo kwenye kifurushi cha "ubuntu-restricted-extras" kinachowekwa kwa hiari. Asiyejua hili hutafuta kosa ndani ya mashine isiyo na kosa.

Halafu kuna kukwama kunakokuja na saa zake. Huku pwani joto si mgeni, na vumbi linaloingia na feni hukaa ndani miaka. Mteja akiniambia video inacheza vizuri mwanzoni kisha inaanza kuruka, siulizi kodeki. Natumia amri ya "sensors" niangalie nyuzi joto wakati video inacheza, kwa sababu kichakataji kikipata moto kupita kiasi hujipunguzia mwendo chenyewe ili kisiungue. Brashi na hewa ya kupuliza hutosha mara nyingi. Na akiniambia inakwama umeme ukikatika, naangalia mpangilio wa nishati, maana laptopu nyingi hushuka kwenye mwendo wa kubana matumizi zinapohamia betri. Swali la "lini" lina uzito sawa na swali la "vipi".

Mstari unaokata picha ni habari nyingine. Kamera inazunguka ukumbi, na nusu ya juu ya nguzo inaonekana imesogea kuliko nusu ya chini. Hapo faili ni zima na kodeki imefanya kazi yake. Kinachotokea ni kwamba fremu mpya imebandikwa wakati kioo bado kinachora ile ya zamani. Mfumo wa X11, uliozaliwa mwaka 1987, haukuwekewa ulinzi wa lazima dhidi ya jambo hilo. Wayland, ulioanza mwaka 2008, ulijengwa kwa nia kwamba kila fremu ionyeshwe nzima. Kwenye baadhi ya kompyuta unaweza kuchagua kati ya hiyo miwili kwa alama ya gia kwenye ukurasa wa kuingilia. Kwa wanaobaki X11 na dreva ya Intel ya zamani, kuna chaguo liitwalo TearFree.

Hapa kuna kipimo ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu hakihitaji elimu yoyote. Kasoro ikionekana, simamisha video na uhifadhi fremu hiyo: kwenye mpv bonyeza "s", kwenye VLC bonyeza Shift na S. Kisha ifungue kama picha ya kawaida. Madoa yakiwemo ndani ya picha, kasoro iliingia kabla ya kuchorwa, yaani kwenye faili au kwenye kufumbua. Picha ikiwa safi ilhali kioo kilionyesha mstari, kasoro iko kwenye kuchora. Kwa bonyezo moja umeshagawa njia nzima vipande viwili, na kimoja umekiondoa kwenye lawama.

Kuna kasoro moja itakayoonekana ndani ya picha hiyo bila faili kuwa na ubaya wowote: meno ya kitana kwenye kingo za vitu vinavyotembea. Hizo ni kanda za zamani. Kamera za MiniDV za mfumo wetu wa PAL zilirekodi nusu-picha 50 kwa sekunde, mistari ya witiri kwanza halafu ya shufwa au kinyume chake, kwa ajili ya televisheni za kichogo. Kioo cha kompyuta huzionyesha nusu mbili kwa pamoja, na mkono unaopunga unagawanyika. Bonyeza "d", kwenye VLC na kwenye mpv, na meno yanalainishwa. Wazee wengi wamerudishiwa harusi zao kwa herufi hiyo moja.

Shida ya nne, ya midomo na maneno, ilinifundisha kutoamini macho peke yake. Nilialikwa kuonyesha video ya mahafali ukumbini, spika zikiwa za Bluetooth. Picha ikawa inaganda na kuachia, inaganda na kuachia. Faili lilikuwa zima, chipu imara, feni kimya. Nikaizima sauti kabisa kwa kufungua video na "mpv --no-audio", na picha ikatiririka. Programu nyingi za video hufanya sauti kuwa saa na picha hufuata, kwa sababu sikio hukasirishwa na mkatiko mdogo ambao jicho lingeusamehe. Spika ikipoteza mawasiliano kwa nukta moja, saa inasita, na picha inasita nayo. Tulichomeka waya na hafla ikaendelea. Ikiwa tatizo ni kuchelewa tu, bila kuganda, VLC husogeza sauti kwa herufi J na K, na mpv kwa Ctrl pamoja na alama ya kujumlisha au kutoa.

Na kuna kisichokuwa kosa kabisa. Video ya fremu 25 kwa sekunde kwenye kioo kinachojichora mara 60 haiwezi kugawanyika sawasawa: fremu nyingine hukaa mizunguko miwili, nyingine mitatu, na kamera ikipita taratibu mbele ya ukuta utaona mtikisiko mdogo. Ukiona mtikisiko ulio sawa tangu mwanzo hadi mwisho, na hesabu ya fremu zilizoachwa iko sifuri, angalia kama kioo au televisheni yako inakubali mizunguko 50. Ikikubali, mtikisiko utaisha. Isipokubali, mwambie mteja ukweli na usimtoze hela ya bure.

Vijana wanaokuja kujifunza kibandani nawapa utaratibu mmoja. Waandike kasoro inavyoonekana kabla ya kugusa kitu: rangi yake, mahali pake, inaanza dakika gani, inajirudia palepale au inahamahama. Wanakili faili kwenye diski ya ndani, kwa sababu flashi ya polepole au inayokaribia kufa huweza kuigiza karibu kila tatizo, na amri ya "dmesg", inayoonyesha ujumbe wa kiini cha Linux, ikitaja makosa ya kusoma, kazi imeishia hapo. Wajaribu faili jingine ambalo wanajua ni zima. Wajaribu programu ya pili, bila mipangilio ya zamani. Mpv hukubali "--no-config" kwa ajili hiyo. Ndipo wabadili kitu kimoja, watazame, na kama hakikusaidia wakirudishe kilivyokuwa kabla ya kwenda kwa kinachofuata. Kijana asiyekuwa na subira huona utaratibu huu mrefu. Lakini nimeona mashine zinazosakinishwa mfumo upya kwa ajili ya flashi iliyochomolewa mapema, na mwenye mashine akapoteza picha zake zote huku doa likibaki palepale kwenye video.

Nawakataza jambo moja kwa ukali: kunakili amri ndefu ya mtu wasiyemjua na kuitangulizia "sudo", neno linaloipa amri mamlaka yote juu ya kompyuta, kabla ya kuelewa inachofanya. Amri iliyomfaa mwenye chipu ya aina nyingine inaweza kukuwekea dreva isiyo yako na kukuachia kioo cheusi. Mfano mzuri ni dreva za VA-API za Intel. Iliyo mpya huanzia kizazi cha mwaka 2014 kwenda mbele, na chipu za kabla ya hapo hutegemea ya zamani iitwayo i965. Ushauri sahihi kwa laptopu ya jirani yako unaweza kuwa sumu kwa yako.

Msomaji unayetumia Linux, au unayefikiria kuhamia, usikubali kuambiwa kwamba mfumo huu haufai kwa video, na usikubali pia kuambiwa kwamba hauna kasoro. Video ikisumbua leo, tazama kwanza, hifadhi fremu yenye kasoro, soma hesabu ya fremu zilizoachwa, kisha badili kitu kimoja tu. Ukigundua kwamba kosa ni la programu au dreva yenyewe, waandikie wanaoitengeneza: taja toleo la programu, aina ya chipu, kodeki ya faili, na hatua za kulirudia kosa. Wengi wao wanafanya kazi hiyo kwa kujitolea, na kosa wanaloweza kulirudia kwenye mashine zao ndilo wanaloweza kulirekebisha.